Yaliyopitishwa Bila Kupingwa: Shughuli za Kawaida za Baraza la Mji



Tumeombwa tuzungumze juu ya jambo ambalo halijawahi kujaza uwanja. Wananchi wa nchi hii wamekusanyika kwa ajili ya katiba, kwa ajili ya uchaguzi, na kwa ajili ya wenzao waliotiwa kizuizini. Hatujasikia bado maandamano yaliyoitishwa kwa sababu ya kipengele cha saba katika ajenda ya kamati ya mipango ya mji. Hata hivyo, sisi ambao kazi yetu ya uwakili imetukutanisha kwa miaka mingi na wachuuzi, wapangaji na washirika wa makanisa ya mabati, tumeona jambo moja likijirudia. Mteja anaingia ofisini ameshika notisi ya kubomolewa kibanda, akiamini kwamba dhulma imemfika asubuhi ile. Tunapochimbua faili, tunakuta kwamba ilimfika mwaka mmoja au miwili kabla, katika mkutano uliofunguliwa kwa sala na kuendeshwa kwa utulivu kamili, na kwamba ushahidi wake wote ni mstari mmoja wa kumbukumbu ulioandikwa kwa Kiingereza cha ofisini.

Kwa hiyo leo tutazungumza juu ya kumbukumbu, ajenda na stakabadhi. Tunaomba uvumilivu wenu.

Kwanza, turudi nyuma kidogo. Hadi uchaguzi wa tarehe 4 Machi 2013, miji yetu iliendeshwa na mabaraza yaliyowekwa chini ya Sheria ya Serikali za Mitaa, Sura ya 265. Yalipovunjwa yalikuwa 175 kwa jumla: ya miji mikubwa, ya manispaa, ya miji midogo, na yale ya mashambani. Kila baraza lilikuwa na madiwani waliochaguliwa kwa kura, na meya au mwenyekiti ambaye hakuchaguliwa na wananchi moja kwa moja bali na madiwani wenyewe. Palikuwa pia na karani wa baraza, na huyu ndiye aliyeshika kalamu. Wale waliowahi kuhudhuria mikutano hiyo wanajua kwamba macho ya umma yalimfuata meya kwa sababu ya mkufu wake, ilhali mamlaka ya kila siku yalikuwa mezani kwa yule aliyeketi kando yake akiandika.

Mkutano wa baraza zima ulikuwa na utaratibu wake, uliorithiwa kutoka Uingereza pamoja na mkufu. Baada ya sala, zilithibitishwa kumbukumbu za mkutano uliopita. Yakajadiliwa yaliyotokana nazo. Kisha zikaletwa ripoti za kamati: ya fedha, ya mipango ya mji na ujenzi, ya afya ya jamii, na kadhalika. Humo ndimo zilimokuwa shughuli za kawaida tunazozizungumzia. Leseni za biashara. Ushuru wa soko. Vibali vya kujenga. Ukarabati wa choo cha stendi ya mabasi. Uzio wa makaburi. Ununuzi wa matairi ya lori la taka. Ripoti moja iliweza kuwa na vipengele arobaini. Meya akauliza kama kuna mwenye hoja juu ya ripoti; diwani mmoja akapendekeza ipitishwe, mwingine akaunga mkono, na kufumba na kufumbua vipengele vyote arobaini vimekuwa maazimio ya baraza, choo na matairi pamoja na kingine chochote kilichofichwa katikati yao.

Tuseme kwa haki kwamba utaratibu huu wenyewe hauna ubaya. Baraza haliwezi kujadili kila tairi. Kazi ya kuchunguza huachiwa kamati, na baraza zima hukubali kile ambacho kamati imekichunguza. Mji ambao haupitishi mambo haraka hauzoi taka. Utaratibu huu ulihitaji masharti mawili tu: kwamba kamati imechunguza kweli, na kwamba mtu asiye mjumbe anaweza kusoma ilichochunguza. Masharti hayo mawili ndiyo yaliyovunjika. Kamati zilikutana faragha. Wajumbe walilipwa posho kwa kila kikao, na ikawa siri isiyofichika kwamba vikao viliongezeka kila fedha zilipopatikana, hata kamati ikakutana mara mbili juu ya jambo ambalo lingeamuliwa kwa barua. Nyaraka za kamati zikagawiwa asubuhi ya mkutano wenyewe, kurasa sitini mkononi mwa diwani ambaye saa moja baadaye atatakiwa kusema ndiyo.

Haingekuwa haki, lakini, kuwatwika madiwani mzigo wote. Baraza la mji katika nchi hii lilifungwa mikono mapema sana. Mabaraza ya mashambani yalinyang'anywa elimu ya msingi, huduma za afya na barabara kuanzia mwaka 1970, na pamoja nazo yakapoteza kodi iliyoyalisha. Sheria ndogo ndogo hazikuwa na nguvu mpaka Waziri azikubali. Makadirio ya fedha yalikwenda Nairobi kuidhinishwa. Waziri aliweza kuteua madiwani wa ziada juu ya wale waliochaguliwa. Na pale ambapo haya yote hayakutosha, baraza zima liliweza kuondolewa: Baraza la Jiji la Nairobi lilivunjwa mwaka 1983, na mji mkuu wa nchi ukatawaliwa na tume iliyoteuliwa mpaka uchaguzi wa mwaka 1992. Karibu miaka kumi wakazi wa Nairobi walilipa kodi na leseni bila kuwa na diwani hata mmoja wa kumwuliza. Mtu aliyelelewa katika hali hiyo huzoea kuamini kwamba mambo ya mji ni ya wenyewe.

Halafu vikaja vyama vingi. Kifungu cha 2A kilifutwa Desemba 1991, na mwaka uliofuata upinzani ukatwaa viti vingi vya udiwani katika miji mikubwa. Wengi wetu hapa tulikuwa bado tunavaa sare za shule, lakini tunakumbuka shangwe za wazee wetu. Mageuzi yalibadilisha nani ameketi ndani ya ukumbi. Utaratibu wa kupitisha ripoti ulibaki ule ule, karani alibaki yule yule, Waziri alibaki na kalamu yake ya kuteua, na diwani mpya wa upinzani akapewa kurasa zile zile sitini asubuhi ya mkutano. Wengine walipigana, tunawaheshimu. Wengine waligundua kwamba kipengele cha ishirini na tatu kinaweza kumpa diwani ploti, na wakanyamaza.

Hapa ndipo tunapotaka kukaa kidogo, kwa maana ardhi ndiyo iliyoondoka kwa njia hii. Mwaka 2003 Serikali iliunda tume ya kuchunguza ugawaji wa ardhi ya umma kinyume cha sheria, tume tunayoijua kwa jina la mwenyekiti wake, Ndung'u, nayo ikatoa ripoti mwaka 2004. Kila mwanaharakati anaifahamu kwa habari zake za misitu na mashamba ya serikali. Ni wachache wanaosoma sehemu zake zinazohusu miji. Humo mtakuta viwanja vya michezo, maeneo ya masoko, kingo za barabara, makaburi, na vyoo vya umma vilivyogawiwa watu binafsi, na mtakuta kwamba maafisa na madiwani waliokabidhiwa mali hiyo waitunze ndio waliosaidia kuigawa. Wakati mwingine amri ilitoka juu, na baraza likaletewa jambo lililokwisha kuamuliwa. Mara nyingine hapakuhitajika amri ya mtu yeyote. Palihitajika maombi, kamati na siku ambayo watu wamechoka.

Tuwape mfano mmoja kutoka katika kazi yetu. Mji hatutautaja. Miaka michache kabla mabaraza hayajavunjwa, tulifuatwa na akina mama waliokuwa wakiuza mboga katika uwanja ulio nyuma ya soko. Walikuwa wamekuta mabati yamezungushiwa uwanja usiku, na askari wa kanjo wakawaambia mahali hapo pana mwenyewe. Tuliomba kumbukumbu. Tulizungushwa wiki sita. Hatimaye mahakama iliamuru zitolewe, tukasoma kwamba kamati ya mipango, kumi na minane miezi iliyopita, ilikuwa imekubali, na hapa tunafasiri, “maombi ya matumizi ya muda ya maeneo yasiyotumika, kama yalivyoorodheshwa katika kiambatisho B.” Kiambatisho B hakikuwapo katika jalada. Diwani wa wadi ile alikuwa ndani ya ukumbi siku hiyo. Aliapa kwamba hakuwahi kukiona, nasi tulimwamini, maana hakuna mtu aliyeuliza kiko wapi.

Kilichowasaidia akina mama wale hakikuwa ufasaha wa mawakili. Mmoja wao alikuwa ameweka stakabadhi za ushuru wa soko za miaka minne katika kopo la mafuta ya kupikia, karatasi ndogo ndogo zilizofifia, kila moja ikiwa na nambari na jina la baraza. Baraza lililoandika kwamba uwanja hautumiki lilikuwa likitoza ushuru katika uwanja huo huo kila siku ya soko. Hakimu alizisoma moja baada ya nyingine. Ujenzi ukasimamishwa. Tungependa kuwaambia kwamba uwanja wote ulirudi. Uliorudi ni nusu, na nusu nyingine ilikaa ndani ya mabati kwa muda mrefu huku kesi ikiahirishwa.

Mtauliza: mbona kueleza habari za mabaraza yaliyokwisha kuzikwa? Katiba ya tarehe 27 Agosti 2010 ilileta kaunti 47, na mali na madeni ya mabaraza yakahamia huko. Makarani wengi walihamia pia, pamoja na mafaili yao na mazoea yao. Shughuli za kawaida hazikukoma. Leseni, masoko, taka, makaburi, maegesho ya magari na mipango ya mji vyote sasa ni kazi ya serikali ya kaunti kwa mujibu wa Jedwali la Nne la Katiba. Kilichobadilika ni mahali ambapo jambo hupitia, na mwenye kutafuta mlango wa zamani ataugonga bure.

Tuchukue mji wetu huu wa Nakuru. Kwa hesabu ya watu ya mwaka 2019, mji huu ulikuwa na watu 570,674, ilhali Nairobi ilikuwa na 4,397,073. Ni jiji dogo, basi, ingawa tangu tarehe 1 Desemba 2021 ni jiji kwa hati, la nne nchini, na Eldoret imefuata mwaka 2024. Zamani mkazi wa hapa alikuwa na diwani aliyekutana na wenzake katika ukumbi wa mji juu ya mambo ya mji tu. Leo ana mwakilishi wadi, ambaye huketi katika bunge la kaunti nzima pamoja na wawakilishi kutoka Molo, Naivasha, Subukia na kwingineko, wakijadili maji ya Gilgil na barabara za Kuresoi kabla hawajafika kwenye mfereji wa nyumba yake. Na juu ya jiji lenyewe kuna bodi na meneja, kwa mujibu wa Sheria ya Maeneo ya Miji na Majiji ya mwaka 2011.

Wajumbe wa bodi hawachaguliwi kwa kura ya wakazi. Huteuliwa na gavana kwa idhini ya bunge la kaunti. Tunaona hapa kasoro ambayo wenzetu katika mageuzi hawajaizungumzia vya kutosha. Tulipigania miaka mingi haki ya kumchagua anayetutawala, na katika mji, mahali ambapo serikali humgusa mtu kila asubuhi anapofungua kibanda, tukaishia na bodi ambayo hatuwezi kuiondoa. Wapo wanaosema kwamba madiwani waliochaguliwa ndio waliogawa viwanja, kwa hiyo heri wataalamu. Hoja hiyo tunaielewa, lakini ripoti ya Ndung'u haikukosa wataalamu miongoni mwa waliogawa.

Hata hivyo sheria hiyo iliacha mwanya, na tunashangaa kuona ni watu wachache kiasi gani wanaoutumia. Baadhi ya wajumbe wa bodi ni lazima wapendekezwe na vyama vya wataalamu, na sekta binafsi, na vyama vilivyosajiliwa vya sekta isiyo rasmi, na vyama vilivyosajiliwa vya wakazi wa mitaa. Neno la kutilia maanani ni “vilivyosajiliwa.” Wauza mboga wa soko la Wakulima wana chama; je, kimesajiliwa? Wakazi wanaopumua moshi wa jaa la Gioto wana kamati. Je, ina cheti? Chama kisicho na cheti hakipendekezi mtu, na kiti chake hujazwa na chama kilichosajiliwa juma lililopita na watu wasiojulikana mtaani. Makanisa yana makatibu wanaojua kuandika katiba ya kikundi na kutunza daftari la mahudhurio. Kazi hiyo ya ukatibu ingefaa sana kwa majirani wasio na ujuzi huo, wawe waumini wa kanisa hilo au wasiwe.

Sasa juu ya kusoma kilichopitishwa. Katika jambo hili sisi wa leo tuna silaha ambazo wale akina mama hawakuwa nazo. Kifungu cha 196 cha Katiba kinalitaka bunge la kaunti liendeshe shughuli zake kwa uwazi na lifanye vikao vyake, na vya kamati zake, hadharani. Angalieni vizuri: na vya kamati zake. Ule mlango uliokuwa umefungwa chini ya mabaraza ya zamani, Katiba imeufungua, isipokuwa Spika aone sababu ya kipekee ya kuufunga. Tumeketi katika kamati kama hizo ambamo viti vya umma vilikuwa vitupu, na karani akatuuliza kwa mshangao kama tumepotea njia.

Kifungu cha 35 kinampa raia haki ya kupata habari zilizo mikononi mwa dola, na Sheria ya Kupata Habari ya mwaka 2016 inaeleza namna. Maombi huandikwa kwa Kiswahili au Kiingereza. Asiyejua kuandika husema, na afisa huandika kwa niaba yake. Huna haja ya kueleza unazitakia nini. Huwezi kutozwa ada kwa kupeleka maombi. Gharama ya kutoa nakala tu ndiyo unayoweza kudaiwa. Jibu litolewe mapema iwezekanavyo, na lisizidi siku 21. Wasipojibu, malalamiko huenda kwa Tume ya Haki ya Utawala, ile tunayoiita Ombudsman. Tuliyozungushwa wiki sita mpaka mahakama ikaingia, leo yana tarehe ya mwisho.

Na katika fedha, kalenda imeandikwa ndani ya sheria, haimsubiri mtu apendezwe. Mpango wa maendeleo wa mwaka hupelekwa bungeni kabla ya tarehe 1 Septemba kupita. Mwelekeo wa fedha wa kaunti hufika kabla ya mwisho wa Februari. Makadirio ya bajeti hufika ifikapo tarehe 30 Aprili, na hupitishwa kabla ya mwaka wa fedha kwisha tarehe 30 Juni. Mswada wa fedha, ambao ndio huweka viwango vya leseni na ushuru wa soko, hufuata baada ya hapo. Yule anayekwenda kulalamika Oktoba kwamba ushuru wa gunia la viazi umepanda amefika wakati waliouamua wamekwisha kurudi nyumbani.

Pengine mtasema kwamba vikao vya kusikiliza wananchi ni mchezo wa kuigiza, tangazo dogo gazetini, watu ishirini, soda na picha. Mara nyingi ni kweli. Lakini kumbukeni kesi ya Kiambu. Kaunti ile ilipitisha Sheria ya Fedha ya mwaka 2013 ikiongeza ada za namna nyingi, wakazi wakaenda Mahakama Kuu, na Aprili 2014 Jaji Odunga akaitupilia mbali sheria nzima kwa sababu wananchi hawakushirikishwa ipasavyo. Hakukubali kwamba tangazo gazetini linatosha. Alisema bunge la kaunti lina wajibu wa kuwafuata watu mahali wanapokutanika, na mahali pa kwanza alipopataja ni makanisani, kisha misikiti, mahekalu, mabaraza ya wananchi na redio za lugha za kienyeji. Serikali ya kaunti ilikata rufani, ikashindwa. Ndugu wachungaji, kwa hiyo karani wa kamati akiomba dakika tano baada ya ibada kutangaza mswada wa fedha, msimwone kuwa ameleta siasa madhabahuni. Na asipoomba, mwandikieni mkamwulize kwa nini hakuomba. Hifadhini nakala ya barua hiyo. Mahakamani ina uzito kuliko kumbukumbu za kichwa.

Tumalize na kazi iliyo mbele yetu. Juu ya meza iliyo karibu na mlango tumeweka fomu za maombi ya habari, zimeandikwa kwa Kiswahili. Tunapendekeza kila kikundi kichukue jambo moja tu: kundi moja lidai kumbukumbu za bodi ya jiji za miezi sita iliyopita pamoja na viambatisho vyote kwa majina yake, la pili orodha ya viwanja vya masoko na mipaka yake iliyopimwa, la tatu orodha ya vyama vilivyopendekeza wajumbe wa bodi na tarehe vilipopata vyeti. Andikeni tarehe mliyopeleka, mwombe muhuri wa ofisi juu ya nakala yenu, na mhesabu siku 21. Na akina mama na wazee wenye stakabadhi za ushuru wa soko, hata zilizofifia, tunawaomba msizitupe. Kuanzia Jumatatu kijana mmoja wa ofisi yetu atakaa hapa ukumbini saa nane hadi saa kumi alasiri na mashine ya kutoa nakala. Atatoa nakala bila malipo, na stakabadhi zenyewe mtarudi nazo nyumbani.